Safari ya Zanzibar na Gunia la Maharage

Katika nyumba yetu ya Buraza, nchini Burundi, hakuna aliyewahi kutoka nje ya nchi kwa ajili ya kutembea tu. Watu wa kwetu huvuka mpaka wakifuata biashara, wakifuata kibarua, wakienda kuzika, au wakikimbia. Mama mkwe wangu alivuka kwa sababu hiyo ya mwisho mwishoni mwa 1993. Mume wangu alikuwa mvulana wa kushikwa mkono, na wifi yangu alikuwa mgongoni. Walikaa miaka mingi katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, Tanzania, ndipo wakarudi kwenye kilima chao na kukuta shamba la migomba limekuwa pori. Basi jioni ile mume wangu alipotangaza kwamba likizo kubwa ya 2023 tutaimalizia Zanzibar, watoto walipiga vigelegele, mimi nikauliza nauli, na Mama akaendelea kuchambua maharage bila kusema neno.

Wazo lilikuwa la mume wangu, na halikutokana na picha za ufukweni. Yeye ni mwalimu. Kila mwaka huwasimulia wanafunzi habari za Rumaliza, yule Muhammad bin Khalfan al-Barwani aliyeweka makao Ujiji, akataka kupenya Burundi kutokea upande wa ziwa, akarudishwa na wapiganaji wa Mwami Mwezi Gisabo. Huwapeleka watoto Gishora kuona ngoma za kifalme, na Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyopo tangu 1955. Huko huwaeleza misafara ya watu wa pwani, ambao wazee wetu waliwaita Abarungwana. Lakini mji ambao misafara ile ilifungia mizigo na kuifungulia hajawahi kuutia machoni. "Nafundisha njia nisiyojua inaishia wapi," aliniambia, na nikaona kwamba jambo hilo linamuuma kweli.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nimezaliwa Muyinga, katika mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya uani, ya sokoni na ya kugombana. Zanzibar kwetu ilikuwa ikitajwa kwenye kaswida, kwenye kanga na kwenye mapishi ya arusi. Mama yangu mzazi akitaka kusifu pilau ya mtu husema imepikwa kipwani. Hajawahi kufika pwani, wala aliyemfundisha kupika hajafika.

Binti yetu mkubwa, aliyekuwa lisee, alipewa daftari la safari. Akaliandika kwa bidii ambayo walimu wake wangeifurahia. Kwamba Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kwamba jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na kwamba sehemu yake ilianguka siku ya Krismasi ya 2020 na kuua watu, kwa hiyo tusitegemee kuingia. Kwamba soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na mahali pale pakajengwa kanisa la Waanglikana. Kwamba msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kaka yake alitaka jambo moja tu, kima punju wa msitu wa Jozani, na akadai liandikwe kwa wino mwekundu. Kitinda mimba, ambaye maji makubwa aliyoyajua ni ya Ziwa Tanganyika, alikataa kabisa kwamba kuna ziwa lenye chumvi. Akasema ataonja mwenyewe ndipo aamini.

Hesabu ya mume wangu ilikuwa ya watu watano. Mama alikuwa ameshasema zaidi ya mara moja kwamba hatoki tena kwenye kilima chake mpaka atolewe na jeneza, na ng'ombe wawili wa nyumbani walihitaji mtu.

Fedha tulianza kuziweka mapema, za kahawa na za vitenge ninavyouza Gitega siku za soko. Kila tulipopata cha kutosha tulibadilisha kwa noti za faranga 10,000, zile zenye sura za Mwanamfalme Louis Rwagasore na Rais Melchior Ndadaye, ili kifurushi kisivimbe. Kifurushi kilikaa kabatini, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, chini ya mashuka.

Kisha yakaja makaratasi, na hapo nyumba ilianza kupoteza usingizi. Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake peke yake. Baba ana lake, mama ana lake, na watoto watatu wa tumbo moja hawafanani hata herufi. Ndani ya nchi hakuna anayeshangaa. Kwenye ofisi ya hati za kusafiria, watu watano wenye majina matano yasiyohusiana walihitaji uthibitisho kwamba ni familia. Tukarudi kutafuta vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, na barua za kuonyesha kwamba wazazi wote wawili wameridhia watoto kuvuka. Cheti cha mume wangu kilisema amezaliwa "yapata" mwaka fulani, kama vyeti vya watu wengi wa rika lake, na fomu ilitaka siku na mwezi. Tulipanda na kushuka ngazi za ofisi hiyo mpaka watoto wakawajua wauza mandazi wa pale kwa sauti.

Foleni ya hati ilinifundisha jambo jingine. Wanawake wengi waliokuwa mbele yangu walikuwa wasichana wanaokwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, tangu nchi hizo mbili zilipotiliana saini mwaka 2021. Wavulana walikuwa bado wanazungumzia Serbia. Huko ndiko vijana walikokuwa wakiingia bila viza mpaka mlango ulipofungwa Oktoba 2022, wengi wao wakiwa na nia ya kusonga mbele Ulaya. Msichana mmoja aliniuliza, "Na wewe mama, wakala wako ni nani?" Nikamwambia nakwenda kutembea na watoto wangu, kisha narudi. Alinitazama kwa huruma. Alidhani namficha.

Buraza nako walidhani hivyo hivyo. Mtu akionekana ametoka kwa mpiga picha na picha nne ndogo mkononi, kilima kizima kinajua kwamba anahama. Jirani mmoja alikuja kuuliza kwa upole kama shamba la kahawa tutalikodisha. Mwingine alileta kuku ili tumkumbuke tukifika.

Tukaenda kuchomwa sindano ya homa ya manjano, maana mpakani huwezi kupita bila kadi ya njano. Mganga alitueleza vizuri. Sindano moja inatosha maisha, utaratibu uliothibitishwa tangu 2016, lakini kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo mtu asingoje asubuhi ya safari. Kitinda mimba alilia kwa niaba ya wote. Jioni hiyo kaka yake alijaza beseni la kuogea maji, akawa anamfundisha kuzamisha uso na kuzuia pumzi, ili bahari isimshtue. Mama alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jiko, akitazama.

Kaka yangu wa Muyinga ni dereva wa lori, barabara ya Dar es Salaam anaijua kuliko anavyoujua uso wake. Alikuja kutulalia usiku mmoja, na mume wangu akamkalisha na karatasi.

"Shemeji, nieleze kituo kwa kituo."

"Kobero unatoka, Kabanga unagonga muhuri. Pale pale mpakani gari linahama upande. Huku kwetu tunapita kulia, kule kushoto, na saa unaisogeza mbele saa nzima. Halafu Ngara, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro. Usiku usisafiri na watoto. Ukifika Dar unalala, asubuhi unapanda boti, baada ya saa mbili hivi uko Unguja."

"Na pale Ngara, njia ni ile ile ya zamani?"

"Ile ile, ila sasa ina lami."

Mama aliinuka, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wamelala.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka Gitega na valizi mbili za magurudumu, nimezipata kwa mtu anayeuza vya mitumba. Nikazisukuma chini ya kitanda. Asubuhi iliyofuata Mama alitangaza kwamba anampelekea bamwana wake, yaani mama yangu, gunia la maharage. Kaka yangu alikuwa anapita Gitega na lori tupu akirudi Muyinga, na mimi nilifurahi. Wazee hawa wawili hupelekeana vitu tangu siku ya mahari. Mmoja ni Mkatoliki wa misa ya alfajiri, mwingine hakosi swala, na sijawahi kusikia wakikosana. Mama alilishona gunia mwenyewe kwa uzi wa katani, kushona kwa kurudia mara mbili, akakataa kusaidiwa.

Jumatano, tarehe 7 Juni 2023, redio ilisema Benki ya Jamhuri ya Burundi inaziondoa noti za 5,000 na za 10,000 za toleo la tarehe 4 Julai 2018. Zipelekwe benki ndani ya siku 10. Baada ya tarehe 17, noti hizo hazitakuwa fedha tena.

Mume wangu hakupandisha hata sauti. "Mama watoto, lete mkebe. Kesho alfajiri nakwenda Gitega."

Mkebe ulikuwa mahali pake. Ndani yake kulikuwa na mbegu za maboga.

Sitaki kusimulia usiku ule wote. Tulitoa mashuka, tukatoa nguo, tukainua godoro. Binti mkubwa alitoa vitabu vyake kimoja kimoja na kuvitikisa. Kijana anayetuchungia ng'ombe, mtoto wa watu, mwaminifu tangu aje, aliitwa na kuambiwa atandike mkeka wake chini ya taa, na kila alichonacho kikawekwa juu yake. Kilikuwa kidogo sana. Shati, rozari, picha ya mama yake, kisu cha kukatia majani. Alikuwa akitetemeka. Mume wangu aliuona utetemekaji ule kama ushahidi, mimi nikauona kama njaa ya kuaminiwa, na tukagombana mbele ya watoto, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kabla. Yule kijana alikwenda kulala zizini kwa hiari yake.

Mama hakutafuta. Alikaa jikoni akisali rozari, na kila tukipita alituangalia usoni mmoja mmoja. Usiku wa pili, watoto walipolala, aliniita.

"Mkamwana, funga mlango."

Nikafunga.

"Mnakimbia lini?"

"Nani anakimbia, Mama?"

"Msinifiche. Mimi nimekimbia kabla hamjajua neno hilo. Picha mmepiga. Vyeti vya watoto mmevitoa. Sindano mmechomwa, na kule Ngara kitu cha kwanza walichotufanyia ni sindano na kadi. Mtoto anafundishwa kuzuia pumzi majini. Kaka yako ameitwa usiku kuulizwa njia. Mabegi mawili yako chini ya kitanda. Hakuna anayeniambia kitu, na mimi sijapigwa picha. Nauliza tarehe tu, ili nijue."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Kila alichokitaja kilikuwa kweli. Mambo yote tuliyoyafanya kwa furaha, ukiyatazama kutoka kwenye kile kigoda chake, yalikuwa ni yale yale waliyoyafanya watu wa kilima hiki mwezi wa Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa. Nilimweleza kuhusu likizo. Nilimweleza kuhusu boti, kima punju, msikiti wa Kizimkazi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Watu wanavuka Kobero kwenda kutazama nyani?"

"Ndiyo, Mama. Na kurudi."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba fedha ziko Muyinga, katikati ya gunia la maharage. Alizizungusha kwenye mfuko wa plastiki, sura zikitazamana kwa ndani, kwa sababu uso wa Ndadaye humrudisha katika siku asizozitaka. Anayekimbia, alisema, hasafiri na fedha mwilini. Wakati ule walinyang'anywa zote njiani kabla hawajaiona Kagera. Fedha hutangulizwa karibu na mpaka, kwa mtu anayeogopa Mungu, na yule mtu haambiwi kitu, ili akiulizwa aseme ukweli kwamba hajui.

Asubuhi mume wangu alikwenda zizini peke yake. Nilimwona amemshika yule kijana mabegani, akizungumza naye muda mrefu. Kisha alimleta mezani, akamkalisha mahali pake yeye, akaomba radhi mbele yetu wote kwa jina lake na la nyumba yake. Nampenda mume wangu kwa mambo mengi, na hilo ni mojawapo.

Kisha nikampigia mama yangu simu, akapokea.

"Mama, lile gunia la maharage..."

"Maharage ni mazuri, mwanangu. Msalimie bamwana."

"Ndani yake, Mama..."

"Nimesema maharage ni mazuri. Simu si mahali pa kuzungumzia chakula." Akakata. Nikapiga tena, akawa hapatikani.

Sasa ilibidi kwenda, na mwezi ule mafuta yalikuwa hayapatikani nchini. Vituo vilikuwa na misururu ya magari yaliyolala hapo tangu juzi, na madereva wamelala chini ya magari. Kutoka Buraza mpaka Gitega mume wangu alikwenda kwa baiskeli ya kukodi, akiteremka na kusukuma kila mlima, na kanda yetu ya Kirimiro haina uhaba wa milima. Mimi nilitangulia kwa pikipiki iliyokuwa na mafuta ya kufika nusu. Nusu iliyobaki nikatembea. Gitega, mbele ya kila benki, watu walikuwa wamejipanga mpaka barabarani, wengine na fedha kwenye mifuko ya sukari, wengine wakiwa na ndugu wa kuwalindia kila upande. Niliona mzee aliyekuja na noti zilizoliwa kona na panya. Aliyekuwa nyuma yake alimsaidia kuzinyoosha moja moja juu ya goti.

Tulilala kwa wifi yangu. Usafiri wa Karusi ulipatikana kesho yake mchana, gari dogo aina ya Probox lililochukua watu wengi kuliko milango yake ilivyokusudiwa. Karusi tulingoja tena. Tulipoingia Muyinga ilikuwa magharibi, na adhana ilikuwa inaanza.

Mama yangu alituona, akatandika mswala, akaswali. Hakuharakisha rakaa hata moja. Alipomaliza alitukaribisha chai ya tangawizi na mandazi, akamuuliza mkwe wake habari za shule. Mume wangu alijibu kwa adabu, na goti lake lilikuwa likicheza chini ya meza. Ndipo mama alipofungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele yake. Ilikuwa risiti ya benki.

Alieleza kwa utaratibu. Siku gunia lilipofika aliona lilivyoshonwa, akajua halikushonwa kwa ajili ya maharage. Alilimwaga kwenye ungo chumbani, akakuta mfuko, akaufunga tena bila kuhesabu na kuuweka sandukuni, maana amana haihesabiwi na aliyepewa kuitunza. Hakuuliza. Bamwana angetaka ajue, angesema. Lakini redio ilipotangaza, aliona kwamba akikaa kimya amana itaoza mikononi mwake. Hana akaunti. Alimwita kaka yangu, wakaenda benki usiku, wakapanga foleni na watu waliolala nje, na kesho yake jioni fedha zikaingia kwenye akaunti ya kaka. Mpokeaji alimuuliza zimetoka wapi. Akasema zimetoka Buraza, ni za watu, na watu hao wanakuja.

"Pale dirishani ndipo zilipohesabiwa," alisema. "Mimi niligeuka upande."

Mume wangu aliitazama risiti. Akaitazama tena, akanipa. Jumla iliyoandikwa ilikuwa kubwa kuliko akiba yetu. Haikuwa kubwa kwa kidogo.

Tulifika Buraza tukamuuliza Mama. Alikuwa bustanini, anapalilia lengalenga, na hakuinuka. Alisema zile za ziada ni zake. Za mbuzi aliowauza miaka na miaka, na zile alizokuwa ameziweka za kuzikwa. Alizitia humo kwa sababu hakujua nauli ya mtu mzima ni kiasi gani. Mwaka ule 1993 kulikuwa na nyumba zilizowaacha wazee wao kwa kukosa mtu wa kuwabeba au fedha ya kulipia gari. Yeye mwenyewe alipita karibu na baadhi yao barabarani. Aliapa kwamba zamu yake ikifika hatakuwa mzigo wa mtu. Kama tungeondoka, basi nauli yake ingekuwa imeshatangulia, na tusingekuwa na sababu ya kumwacha.

Mume wangu alikaa kwenye udongo, katikati ya tuta, na suruali yake ya shuleni. Alisema, "Mama, sisi ndio tutakaokuacha?" Akajibu kwamba hakuna anayekusudia kumwacha mtu, huwa inatokea tu. Yeye ni mama wa mtu mzima mwenye watoto, na hakutaka mwanawe alazimike kuchagua.

Safari ya 2023 haikuwapo tena. Mwezi Mei faranga ilikuwa imeshushwa thamani, na kila kitu tulichokuwa tumekipigia hesabu kwa dola au kwa shilingi kilikuwa kimepanda huku tukikimbizana na gunia. Watoto walinuna siku mbili. Binti mkubwa akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika juu yake *Agosti 2024, watu sita*. Nikampigia mama yangu kumweleza. Akauliza kama katika boti kuna mahali pa kuswalia. Nikasema lazima pawepo. Akasema basi kaka yako ameniahidi nauli, andikeni saba.

Mwaka mzima ulikwenda katika kumtayarisha Mama, na siwezi kusema kwamba ulikuwa mwepesi. Mpiga picha alimwomba avue kilemba, akakataa, wakaafikiana kukisogeza nyuma mpaka masikio yaonekane. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa hakijawahi kuwapo. Wazee wawili wa kilima walikwenda kumshuhudia, wakabishana mbele ya karani kama alizaliwa kabla au baada ya njaa fulani. Sindano ya homa ya manjano kwa mtu aliyepita miaka 60 haichomwi bila daktari kupima kwanza, kwa hiyo tulikwenda hospitali, akapimwa presha, akaulizwa magonjwa yake yote, akayataja yote na ya jirani zake pia. Daktari aliridhika. Kadi ya njano alipopewa aliishika mkono mmoja na ile ya Lukole, ambayo hakuwahi kuitupa, akaishika mkono wa pili, akalinganisha mihuri.

Habari njema ilitoka upande wa Tanzania. Kati ya mwezi Juni na Agosti 2024 treni mpya ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Mume wangu akabadilisha mpango mara moja. Basi lingetufikisha Dodoma, na kutoka hapo wazee wangesafiri kwa treni, migongo yao ipumzike. Mwanangu wa kiume hakulala. Alishasikia kwamba reli ya namna hiyo imekusudiwa kutoka Uvinza mpaka Musongati, ambako si mbali na kwetu, na akawa anawaambia wenzake kwamba anakwenda kuikagua.

Mama alitoa sharti moja. Tukifika Ngara tusipite moja kwa moja. Alitaka kusimama mahali palipokuwa na kambi, aone kama ile miti waliyopanda karibu na bomba la maji bado ipo. Kuna mtoto wake mmoja ambaye alibaki kule chini ya udongo. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kulisikia jina lake. Alilitaja siku hiyo mara moja, binti yangu akaliandika kwenye daftari chini ya Kizimkazi na Mkunazini, nasi tukaongeza siku moja ya kulala Ngara.

Wifi alikuja kukaa na ng'ombe, pamoja na yule kijana, ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo wa kabati. Tulilala Muyinga kwa mama, tukala pilau, na alfajiri tukawa Kobero. Valizi zilikuwa mbili kwa watu saba. Mama alibeba pia mfuko wa maharage kwa ajili ya watu tutakaowafikia, kwa sababu kwao haendi mtu mikono mitupu.

Upande wa Kabanga, afisa wa uhamiaji alikuwa kijana. Alipokea pasipoti ya Mama, akaifungua, akamtazama, akainuka kidogo kwenye kiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umewahi kufika Tanzania?"

"Nimekaa Lukole, hapo Ngara, kabla hujazaliwa."

"Karibu tena. Safari hii unakwenda kufanya nini?"

"Nakwenda kutembea," alisema Mama, na alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa madereva wa malori nje. "Nakwenda Zanzibar na mwanangu, na mkamwana wangu, na wajukuu, na bamwana. Tukitosheka tunarudi."

"Kwa siku ngapi, bibi?"

Alinigeukia. "Mkamwana, tulisema ngapi?"

"Wiki mbili, Mama."

Akamwambia afisa aandike tatu. Afisa alicheka, akagonga muhuri, na mama yangu, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa ameshaweka pasipoti yake dirishani.